Senti Hamsini

Niliitambua kabla sijaitoa kwenye boksi. Ilikuwa Jumamosi ya Julai 2018, Cleveland Heights, mji unaopakana na Cleveland katika jimbo la Ohio, ambako nilikuwa nasoma shahada ya uzamili. Kule, majira ya joto yakifika, watu wanaotaka kupunguza vitu vya nyumbani huvipanga kwenye meza mbele ya gereji, wakabandika vikaratasi vya bei, wakakaa kwenye kiti kusubiri wapita njia. Sisi wanafunzi wa kigeni tulijaza vyumba vyetu hivyo: sufuria, taa ya mezani, koti la baridi. Mimi, pamoja na hayo, nilikuwa natafuta komiki.

Boksi lilikuwa chini ya meza, limeandikwa dola 25 kwa kalamu nene. Ndani mlikuwa na komiki arobaini hivi. Nyingi zilikuwa za kawaida, za vita na za wapanda farasi wa Magharibi. Katikati yao ikatokeza *Fantastic Four* namba 52, ya Julai 1966, bei yake ya awali senti 12. Humo ndimo Black Panther alimotokea kwa mara ya kwanza, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, na humo ndimo msomaji alimoingizwa Wakanda kwa mara ya kwanza. Filamu ilikuwa imetoka Februari ya mwaka huohuo, na kila aliyekuwa na toleo hilo alikuwa ameshaambiwa na mtu kuwa asiliuze kwa pupa. Kila mtu, isipokuwa bibi aliyekuwa amekaa kwenye kiti mbele yangu.

Alikuwa na miaka sabini na kitu. Aliniambia kwamba vile vitabu vilikuwa vya kaka yake, aliyefariki wakati wa baridi, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuelewa mtu mzima anaviwekea nini.

Nikafanya mambo matatu, na nayakumbuka kwa mpangilio wake. Niliirudisha namba 52 katikati ya zile nyingine. Nikatoa komiki moja iliyochanika, nikaitazama, nikakunja uso. Kisha nikamuuliza kama angekubali 20.

Akakubali. Akanipa na mfuko wa kubebea.

*

Msomaji asiye mkusanyaji atashangaa kijitabu cha watoto kinapataje thamani. Jibu ni fupi, na linasikitisha kidogo: kwa sababu vingine vyote vimetupwa. Vilichapishwa kwenye karatasi ya gazeti, karatasi yenye asidi inayojila yenyewe ikageuka njano, halafu kahawia, halafu makombo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watoto wa Marekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu zisagwe upya kwa ajili ya vita, na komiki zao zikaenda na marundo hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ziko shule na parokia zilizozichoma moto hadharani, kwa hoja kwamba zinaharibu vijana. Zilizobaki zilitupwa na akina mama waliokuwa wanasafisha vyumba vya watoto waliokwisha kuwa wakubwa.

*Action Comics* namba 1 ya mwaka 1938, alimozaliwa Superman, iliuzwa senti 10. Inakadiriwa zilichapishwa nakala 200,000 hivi, na zilizobaki duniani ni kama mia. Nakala moja ilipigwa mnada mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Na pale watu wote walipokuja kuamini kwamba komiki ni akiba, akiba yenyewe ikafa. Mwishoni mwa 1992 toleo la kifo cha Superman lilitoka ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, likauzwa kwa mamilioni. Wengi walinunua mbili, moja ya kusoma na moja ya kutofungua. Leo hiyo isiyofunguliwa ni ya bei ya chakula cha mchana, kwa sababu hakuna aliyeitupa.

Kwa hiyo thamani ya namba 52 sikuitengeneza mimi, wala hakuitengeneza yule bibi. Ilitengenezwa na maelfu ya watu walioitupa ya kwao. Kaka yake hakufanya ila jambo moja: hakutupa.

Mapenzi yangu mimi hayakuanzia kwenye bei. Yalianzia Darajani, Unguja, kwa muuza vitabu vya mitumba, kwenye komiki isiyokuwa na jalada wala kurasa mbili za mwisho. Niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo, nikambunia mwisho wake kila siku mwisho tofauti. Siku hizi kuna kampuni, CGC, iliyoanza mwaka 2000, inayopima hali ya komiki kutoka 0.5 hadi 10, kisha inaifungia ndani ya plastiki ngumu ambayo huwezi kuifungua bila kuvunja dhamana ya kipimo chake. Komiki yangu ya Darajani ingekuwa chini kabisa ya kipimo hicho. Lakini hiyo ndiyo niliyoisoma.

*

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu ilikuwa sanduku.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sanduku la njumu, la msaji, limepigwa misumari ya shaba uso mzima, na chini lina watoto watatu wa kuvuta. Alilirithi kwa mama yake. Miaka ya tisini, kabla sijapata akili, alikuja mtu na pikipiki, mmoja wa wale waliokuwa wakizunguka Ng'ambo nyumba kwa nyumba wakiuliza milango ya zamani, masaa ya ukutani, vyombo vya kauri. Alilitazama lile sanduku, akaligonga kwa kidole, akasema limeliwa na mchwa kwa chini. Akatoa bei ya magunia mawili ya mchele. Nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Bibi akauza.

Miezi michache baadaye mjomba wangu alipita Shangani akaliona dukani, limepakwa mafuta, linang'aa, na kikaratasi cha bei kimeandikwa kwa dola: 900. Lilikuwa lilelile, kwa alama ya kuungua pembeni ambapo mama yangu alipata kuweka pasi ya mkaa. Mjomba alirudi nyumbani anatetemeka. Jirani mmoja, kwa nia ya kumpoza, alisema asiyejua maana haambiwi maana. Mjomba alikosana naye mwaka mzima kwa kauli ile.

Nilikulia ndani ya kisa hicho. Katika nyumba yetu mwenye pikipiki lilikuwa jina la aina ya mtu. Mtoto akimdanganya mwenziwe kwenye kubadilishana gololi aliambiwa: wewe mwenye pikipiki. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye godoro langu, Ohio, nimekunja uso mbele ya bibi wa watu na nimepunguziwa dola tano juu yake.

*

Nilijitetea, na sikukosa wakili. Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilikuwa upande wangu. Mwaka 1815, New Orleans, mfanyabiashara mmoja alipata mapema habari kwamba vita baina ya Marekani na Uingereza vimekwisha kwa mkataba. Alikwenda alfajiri kununua tumbaku kwa watu waliokuwa hawajapata habari hizo. Zilipotangazwa, bei ikapanda kati ya asilimia 30 na 50. Kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1817, ikijulikana kama Laidlaw dhidi ya Organ, na Jaji Mkuu John Marshall akasema mnunuzi halazimiki kumwambia muuzaji anachokijua. Alikataza jambo moja tu: kumpotosha.

Suala lenyewe ni kongwe kuliko Marekani. Cicero aliliandika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita: mfanyabiashara amefika na nafaka katika kisiwa cha Rhodes kwenye njaa kuu, naye peke yake anajua kwamba meli nyingine ziko njiani. Je, awaambie watu, au auze kwa bei ya njaa? Anasimulia kwamba wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babylon na Antipater wa Tarsus, waligawanyika. Diogenes alisema kunyamaza si kuficha. Antipater alisema binadamu wana udugu, na udugu huo haukubali mmoja atajirike kwa gizani mwa mwenzake. Cicero alikuwa na Antipater.

Lakini mimi sikuhitaji kwenda Roma. Chuoni, tukiwa watoto, maalim alitusomesha kwamba Mtume alikataza watu kuupokea msafara nje ya mji wakanunua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei. Na aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni, ana hiari: akitaka anaridhia, akitaka anavunja biashara. Nilipokuwa mtoto niliona ni sheria ya ngamia. Usiku ule nikaona kwamba gereji ya Cleveland Heights ni nje ya mji hasa. Yule bibi hakuwa amefika sokoni. Mimi ndiye niliyetoka sokoni kumpokea njiani.

Hata hivyo upo utetezi mmoja ambao sijaweza kuuvunja mpaka leo. Kujua ni kazi. Nilitumia miaka kujifunza toleo lipi ni lipi, jalada la asili linafananaje na la kuchapishwa upya, kutu ya pini inashusha nini. Wangelazimika wote wanaojua kusema kila wanachokijua bure, nani angeinama chini ya meza? Boksi lile lingekwenda jalalani Jumatatu, na namba 52 ingekuwa moja zaidi ya zilizotupwa. Anayeokoa kitu ana haki ya kitu.

Nakubali. Lakini haki ya kitu si haki ya chote. Na hata Marshall asingenitetea kwa ule uso niliokunja. Kukunja uso si kunyamaza. Ni uongo uliosemwa kwa misuli.

*

Wiki iliyofuata nilipanda basi mpaka Glenville, upande wa mashariki wa Cleveland. Siku nyingi nilitaka kwenda. Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, walisoma sekondari hapo na hapo wakambuni Superman. Nyumba aliyokaa Shuster imeshabomolewa, na kwenye uzio wa kiwanja zimetundikwa kurasa za hadithi ile ya kwanza, zimekuzwa na kuchapwa kwenye mabati. Unaisoma ukitembea barabarani, bila tiketi, bila plastiki. Nilikuwa peke yangu na mbwa mmoja.

Machi 1938 vijana wale waliuza ile hadithi, kurasa 13 kwa dola 10 kila moja, na pamoja nayo haki zote za Superman daima. Dola 130. Nilisimama pale kwenye uzio nikifikiri: hii ndiyo dhuluma mama ya dhuluma zote za komiki. Lakini kadiri nilivyosoma bati moja baada ya jingine niliona haikai sawasawa. Mwaka 1938 hakuna aliyejua, mnunuzi wala muuzaji. Kwa siku ile, ilikuwa biashara ya vipofu wawili.

Dhuluma ilikuja baadaye, macho yalipofumbuka upande mmoja ukaona dhahabu, nao ukashikilia karatasi. Siegel na Shuster walishitaki mwaka 1947, na majina yao yakaondolewa kwenye kazi yao wenyewe. Kufikia 1975 Siegel alikuwa karani Los Angeles, Shuster macho yamefifia karibu kutoona, na filamu kubwa ya Superman ilikuwa inaandaliwa. Siegel akaviandikia vyombo vya habari barua ya malalamiko. Ni baada ya aibu hiyo kuenea ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Mwaka 2012 ile hundi yenyewe, yenye zile dola 130 ndani yake, ilipigwa mnada kwa dola 160,000. Hundi ilipata zaidi ya mara elfu ya zile dola 130.

Pale ndipo nilipoona kwamba nilikuwa najiuliza swali lisilotosha. Nilikuwa najiuliza kama siku ya kununua nilitenda haki. Lakini biashara haimaliziki siku ile. Mtu anaweza kununua kwa haki kabisa, kisha akawa dhalimu miaka kumi baadaye, siku anapojua kitu ambacho mwenzake hakukijua na akachagua kubaki nacho. Wao walikuwa na miaka 37 ya kurudi. Mimi nilikuwa na siku nane tu, na nilijua tangu siku ya kwanza.

*

Nilirudi Jumapili, na komiki ndani ya mfuko wa plastiki. Kwanza nilipita kwenye duka moja la komiki kuulizia. Kona moja imekatika, mgongo una mikunjo, pini zina kutu, lakini wangenipa dola 400 palepale.

Bibi alifungua mlango, akaitazama komiki mkononi mwangu, akasema harudishi pesa.

Nikamweleza. Nilisema yote, hata habari ya uso. Nilimwambia bei ya duka, na nikampa pendekezo nililolipanga kwenye basi: tugawane, mia mbili kwake, mia mbili kwangu. Nadhani nilitabasamu.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza boksi lilikuwa na vitabu vingapi.

"Arobaini," nikasema.

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na sarafu mbili za robo dola. "Ishirini gawa kwa arobaini," alisema, akaziweka mkononi mwangu, akaichukua komiki. Akanishukuru kwa uaminifu wangu, kwa adabu sana, na mlango ukafungwa.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi nyumbani moyo mwepesi. Nilirudi na hasira. Nilihesabu nauli za basi, saa nilizopoteza, miaka ya kujifunza. Bila mimi angepata nini? Nilimpigia simu Bibi Unguja usiku huohuo, maana kisa cha sanduku kilikuwa chake, na kama kuna mtu duniani angenisifu ni yeye.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamsimulia kuanzia mwanzo. Nilipofika kwenye senti hamsini alicheka mpaka akakohoa, nikasikia mtu anamletea maji.

"Sasa wewe," akasema, "ulikwenda kurudisha au ulikwenda kuuza?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda na nusu yangu mfukoni. Niligawa kitu kana kwamba kilikuwa changu cha kugawa, na yule bibi, aliyekuwa sasa ameingia sokoni na kujua bei, alitumia hiari yake. Maalim angemwelewa mara moja. Mimi ndiye niliyetaka kulipwa kwa kuwa mkweli, na kwa bei niliyoipanga mwenyewe.

Nikamuuliza Bibi, kwa kujitetea zaidi kuliko kwa kutaka kujua: yule mwenye pikipiki, angerudi, ungetaka akupe nini? Nilidhani atataja pesa.

"Pesa za nini, na mchele tulishakula? Lile sanduku lilikuwa na mtoto wa siri, nyuma ya watoto wale watatu. Mlikuwa na karatasi ya baba yangu, kaandika siku tulizozaliwa sote. Nililisahau siku ile kwa ugonjwa ule. Nilitaka arudi nimwonyeshe pa kuvuta."

Katika miaka yote ya kukisimulia kisa kile, hakuna aliyewahi kunieleza hilo. Tulikuwa tukisema mnunuzi alijua na Bibi hakujua. Kumbe naye Bibi alijua kitu ambacho mnunuzi hakukijua, na kwa kuwa hakurudi, wote wawili walikipoteza.

*

Bado nakusanya. Nikikuta kitu kwa mchuuzi ambaye kazi yake ni hiyo, nanyamaza na kupatana bei kama mtu yeyote. Yeye yumo sokoni tayari. Nikikikuta kwa mtu anayesafisha nyumba ya marehemu, nasema kabla ya kutoa pesa: hiki kina bei, ulizia kwanza. Mara nyingi nakikosa. Mara moja moja mtu huniambia nichukue tu. Novemba 2025 niliposoma kwamba ndugu watatu wa California waliikuta *Superman* namba 1 ya mwaka 1939 katika dari la nyumba ya marehemu mama yao, wakaupigia simu mnada, ikauzwa dola milioni 9.12, nilifurahi kwa ajili yao. Kisha nikafikiri nani mwingine angeweza kulifungua boksi lile kabla ya simu hiyo, na angekunja uso wa namna gani.

Kuhusu haki yangu ya kuokoa, bado naamini nilistahili zaidi ya nilichopata. Bibi amefariki, sina wa kubishana naye juu ya hilo.

Zile senti hamsini nilizipeleka kwenye mashine ya kufulia nguo wiki ileile. Hazikutosha. Mashine ilitaka dola moja na robo tatu.